Alama Nne kwa Goti la Kulia

Jumatatu, 3 Machi

Naomba radhi, daftari. Miezi minane bila hata mstari mmoja. Ukurasa wa mwisho ni wa tarehe 29 Juni, nao umeishia katikati ya sentensi, kwenye neno "naye" — jambo ambalo nisingemvumilia mwanafunzi yeyote. Sitaimalizia. Sikumbuki nilitaka kusema nini.

Mke wangu alifariki tarehe 2 Julai. Hilo halikuwa limeandikwa humu. Sasa limeandikwa.

Sikuacha kuandika kwa sababu ya kilio. Sikulia sana. Nilikuwa nikiketi mezani, kalamu mkononi, na hakuna kilichokuja. Kama kubonyeza swichi ya taa wakati umeme umekatika. Baada ya wiki chache niliacha hata kuketi.

Nimerudi kwa sababu ya kalamu tu. Kliniki ya mifupa imenipa fomu ya kujaza kila jioni kwa siku kumi na nne — goti linauma kiasi gani — na kwa kuwa kalamu imeshatoka kwenye kikombe, nimekuvuta na wewe.

Hali ni hii. Goti la kulia limekwisha. Ninaishi ghorofa ya tatu, jengo halina lifti, ngazi ni hamsini na nne. Ninazipanda nikiwa nimeshika ukingo kwa mikono miwili, kama mtu anayevuta ndoo kisimani. Binti yangu — fundi wa miwani, kazi yake ni kuwaambia watu wasichokiona — amesema wazi: ama goti litibiwe, ama nihamie kwake, chumba cha chini karibu na stoo. Baba, siku utakayoporomoka kwenye ngazi nitawaambia watu nini? Amenipa mpaka mwisho wa Aprili. Amenipa! Mimi niliyemfundisha kufunga viatu.

Sitaki kuhama. Nimeishi katika vyumba hivi viwili miaka thelathini na mmoja. Kiti cha mke wangu kiko dirishani. Sababu nyingine sina, na hiyo inatosha.

Goti, leo: nne.

Jumanne, 4 Machi

Fomu inasema: sifuri ni kutokuwa na maumivu kabisa; kumi ni maumivu makali kuliko yote unayoweza kuyafikiria. Imetafsiriwa ovyo lakini inaeleweka. Nimerekebisha makosa manne kwa penseli, pembeni.

Nimesahihisha insha kwa miaka thelathini na minane, na kwa miaka ishirini ya hiyo niliitwa kusahihisha mitihani ya mwisho. Kumi sijawahi kumpa mtu. Saba nimeitoa mara moja. Msimamizi wetu wa kwanza katika chumba cha usahihishaji — mtu mkavu, alikunywa maji ya moto matupu — alitufunza hivi: usimalize alama kwenye karatasi za mwanzo. Hujui karatasi ya mwisho italeta nini. Ukishatoa nane saa tatu asubuhi, jioni utampa ngapi atakayemzidi yule? Nikaishika kanuni hiyo mpaka nikastaafu. Hakuna hata karatasi yangu moja iliyorudishwa kwangu kwamba nimekosea.

Leo goti liliuma nilipoinama kuvaa soksi. Tatu.

Jumatano, 5 Machi

Kliniki. Chumba cha kungojea kina viti vya plastiki vilivyoungwa kwa chuma, kwa hiyo jirani akitikisa mguu watu wanne wanatikisika. Jirani yangu alitikisa. Jitu refu, viganja kama sinia, alikuwa golikipa zamani. Magoti yake yote mawili yamekwisha. Akachungulia fomu yangu bila haya.

"Mzee! Nne, tatu? Sasa wewe umekuja kufanya nini hapa, kusalimia?"

Nikamwambia ndivyo linavyouma. Akanionyesha yake. Kumi, kumi, kumi, kumi, mpaka chini.

"Kila siku?" nikamuuliza.

"Kila siku. Na siku ya mechi kumi na moja, ila boksi halikuwepo."

Akacheka, viti vinne vikacheka naye. Mimi sikucheka, ingawa nilijua kwamba ni kichekesho. Nimekuwa hivyo siku hizi. Ninakitambua kichekesho kama mtu anavyoutambua wimbo kutoka nyumba ya pili.

Daktari anayeongoza jaribio ni mwanafunzi wangu wa zamani! Darasani tulimwita Mkato, kwa sababu alitia mikato kila baada ya maneno mawili. Alisimama mlangoni, koti jeupe, nywele zimeanza mvi, akanipa shikamoo ya mikono miwili. Mwalimu, akasema, uliniambia kila mkato ni pumzi na mimi ninahema hovyo. Nikamwuliza kama ameacha. Akasema sasa anaandika ripoti, na ripoti hazihemi.

Alinionyesha dawa yenyewe. Nitaiandika hapa kwa utaratibu, maana binti ataniuliza.

Mwisho wa mifupa ya goti umefunikwa kwa gegedu, utando mweupe, mgumu kiasi, unaoteleza. Langu limelika na kuacha shimo la ukubwa wa kifungo cha shati. Gegedu halina mishipa ya damu, ndiyo maana likilika halijiponyi. Tena halina mishipa ya fahamu. Gegedu lenyewe haliumi hata ukilikata, alisema Mkato. Linapokwisha ndipo mfupa ulio chini yake unapoanza kulia. Nilimwomba alirudie hilo. Akalirudia.

Dawa ni jeli. Karibu yote ni maji, yameshikwa na nyuzinyuzi zisizoonekana, kama maji ndani ya sponji. Humo wamechanganya punje za chuma laini kuliko vumbi, pamoja na chembe hai walizozitoa kwenye goti la mgonjwa mwenyewe na kuzikuza. Alidondosha tone kwenye sahani ya kioo. Jeusi, zito, kama ute wa yai uliotiwa masizi. Kando yake mfupa wa mbuzi kutoka buchani, umetobolewa shimo. Akaweka sumaku chini ya sahani. Tone likanyanyua kichwa! Likajivuta, likapanda mfupa, likaingia shimoni, likatulia. Akaigeuza sahani juu chini. Halikudondoka.

"Kazi yake ya kwanza ni hiyo, Mwalimu. Kukaa mahali lilipowekwa."

Kazi ya pili: mgonjwa anavaa mkanda wa sumaku gotini, nusu saa asubuhi na nusu saa jioni. Sumaku inavuta na kuachia, inavuta na kuachia, jeli inabanwa na kulegea. Chembe hai zinadhani mwenye goti anatembea. Zikidhani hivyo ndipo zinapojenga gegedu jipya. Tunazidanganya kidogo, alisema.

Hakunipamba. Mbuzi na kondoo waliojaribiwa wametembea. Watu waliokwisha kuchomwa sindano ya jeli hii ni kumi na mmoja. Watatu hawakuona tofauti yoyote. Wanatafuta wengine tisa. Sharti: fomu ya siku kumi na nne, kisha bodi itaamua.

Goti: nne. Kwa sababu ya viti vile.

Alhamisi, 6 Machi

Tatu.

Ijumaa, 7 Machi

Nne. Nimenunua mkate na sabuni. Safari moja ya kushuka, moja ya kupanda.

Jumamosi, 8 Machi

Binti amekuja na chakula cha wiki nzima katika vibakuli vyenye vifuniko, kila kimoja kimeandikwa siku. Alikagua macho yangu kwa kidole chake, huku na huku, kama desturi yake, kisha akalikagua goti kwa kulitazama tu.

Nilimweleza habari za jeli. Alisikiliza hadi mwisho — hilo amelirithi kwa mama yake — kisha akauliza swali moja: na wasipokuchukua? Nikasema watanichukua. Akasema, Baba, chumba nimeshakipaka rangi. Rangi gani, nikamuuliza. Ya maziwa. Kama hii yenu.

Alikaa kwenye kiti cha mama yake bila kufikiri, halafu akakumbuka, akainuka. Nikamwambia kaa tu. Hakukaa tena.

Alipokuwa akiosha vyombo alinikumbusha ile barua. Nilipokuwa mafunzoni, kabla yeye hajazaliwa, mke wangu aliniandikia kurasa tatu. Niliisahihisha kwa wino mwekundu nikamrudishia. Alichojibu ni mstari mmoja tu: Umenipa ngapi? Nikamjibu: sita. Akaionyesha kwa kila mgeni aliyeingia nyumbani kwa miaka arobaini. "Mnajua huyu bwana aliipa barua ya mapenzi ngapi? Na mjue sita kwake ni nyingi!" Binti alicheka mpaka akashika sinki. Halafu hakuwa anacheka. Nilimpa taulo la vyombo, ndilo lililokuwa karibu.

Tatu.

Jumatatu, 10 Machi

Nne. Jana tatu. Mvua.

Jirani wa ghorofa ya kwanza, dereva wa malori aliyestaafu, amesikia habari za chuma. Habari hupanda ngazi haraka kuliko mimi. Alinisimamisha mlangoni kwake: Mwalimu, ukipita karibu na duka la masufuria si utanasa! Nikamweleza kwamba punje zote zikikusanywa hazijazi ncha ya kijiko. Haidhuru, akasema, ukipotea tutakutafuta kwa dira.

Alhamisi, 13 Machi

Nimeanguka.

Si kuanguka hasa. Ngazi ya thelathini na moja ukihesabu kutoka chini, nikiwa na ndoo ndogo ya takataka — nilikuwa nikishuka. Goti lilikwenda upande wake na mimi nikaenda wangu. Nikakaa. Mbele ya macho pakawa peupe, kisha peusi. Sijui nilikaa muda gani. Dereva ndiye aliyenikuta. Alinibeba, niseme ukweli. Alinibeba kama gunia mpaka juu, akanilaza, akaenda kuokota maganda ya viazi ngazi moja baada ya nyingine.

Nimemkataza kumwambia binti yangu. Akasema, Mwalimu, mimi si mwanafunzi wako. Lakini nadhani hatamwambia.

Jioni nilijaza fomu. Nilifikiri sana. Siku zimebaki tatu na hujui zitaleta nini.

Tano. Ni alama ya juu kuliko zote nilizojipa.

Jumapili, 16 Machi

Fomu imekamilika. Nne, nne, nne kwa siku tatu za mwisho. Nimejumlisha: hamsini na moja, gawanya kwa kumi na nne, tatu nukta sita. Kazi safi. Hakuna mahali nilipofuta.

Jumanne, 18 Machi

Wamenikataa.

Mkato hakutuma barua. Aliniita, akafunga mlango, akaketi upande wangu wa meza. Bodi inataka wastani wa tano. Si haki, wanasema, kumtia mtu chuma gotini kwa maumivu madogo.

"Mwalimu. Tatu nukta sita?"

"Ndivyo ilivyo."

"Nimeiona picha ya goti lako. Mfupa unasaga mfupa. Golikipa yule ana wastani wa kumi, na magoti yake ni mazima kuliko hili."

"Golikipa hajui kutoa alama."

Akanitazama. Akaniuliza kama tangu Machi ilipoanza nimewahi kuanguka. Sijui alijuaje. Nikasema tarehe kumi na tatu. Ulijipa ngapi? Tano. Akavua miwani akaiweka mezani.

"Umewahi kumpa mtu nane, Mwalimu?"

"Hapana."

"Mimi uliniandikia nne mwaka mzima. Nilikuwa wa kwanza darasani."

Kisha akaniambia jambo ambalo sikulijua. Kwamba shuleni kila mtu alijua. Kwamba alama zangu zilipofika ofisini, mwalimu wa taaluma alikuwa akiongeza tatu kwa kila mwanafunzi kabla ya kuziingiza kwenye orodha kuu. Kimya kimya, kila muhula. Wanafunzi waliziita "tatu za Mwalimu". Na katika chumba cha usahihishaji? nikauliza. Akasema hajui, lakini haoni kwa nini wasingefanya vivyo hivyo.

Kumbe ndiyo maana hakuna karatasi iliyorudishwa.

Nilingoja nione kama nitakasirika. Hakuna kitu. Nilikuwa nikiitazama ile sahani ya kioo juu ya rafu.

Yeye hawezi kuniongezea tatu, alisema. Hapa si shule, angefukuzwa, na angestahili. Lakini kanuni inaruhusu kurudia fomu mara moja, siku kumi na nne nyingine, iwapo mgonjwa atatia saini tamko. Akanisomea: Mimi niliyetia saini hapa chini sikukielewa kipimo cha maumivu, na alama nilizoandika si sahihi. Mwisho ni Ijumaa, saa sita mchana. Baada ya hapo nafasi ya tisa inakwenda kwa mtu mwingine.

Nikamwambia kipimo nilikielewa vizuri sana. Nilikirekebishia hata tafsiri.

Nimeona, akasema. Makosa manne. Ahsante.

Jumatano, 19 Machi

Asubuhi nilitaka kuhakikisha kwamba kipimo ninakijua tangu zamani, ili nimwandikie Mkato barua ya heshima ya kukataa kutia saini. Nilikumbuka kwamba fomu kama hii ilikuwepo nyumbani mwaka jana. Ya mke wangu. Muuguzi aliyekuja kila Ijumaa alituachia. Mikono ya mke wangu ilikuwa haina nguvu ya kushika kalamu, kwa hiyo alisema namba na mimi niliandika.

Iko kwenye droo ya chini ya kabati, ndani ya bahasha ya picha za kifua. Niliikuta upesi. Mimi hupanga vitu.

Juu kabisa, mwandiko wa muuguzi: Chini ya sita, kijiko kimoja. Sita na kuendelea, viwili. Dawa ile ya maji, ya maumivu. Mimi ndiye niliyekuwa nikipima kijiko.

Siku ishirini na sita, kuanzia tarehe 6 Juni. Sita za mwanzo ni safi: tatu, nne, nne, tatu, nne, tano. Kuanzia tarehe 12, namba mbili kila boksi. Namba ya kwanza imekatwa kwa mstari mmoja ulionyooka, kwa rula, ninavyofanya siku zote ili kilichokatwa kiendelee kusomeka. Ya pili imeandikwa pembeni. Saba imekatwa, nne. Nane imekatwa, tano. Nane imekatwa, tano. Tisa imekatwa, tano.

Siku kumi na tatu. Nimehesabu mara mbili.

Sikumbuki kuwa mkatili. Ninakumbuka nilivyofikiri, na nilifikiri vizuri. Nilifikiri: Juni ndiyo kwanza inaanza, mbele kuna siku mbaya zaidi, akitumia nane leo atabaki na nini? Nilitaka abakiwe na namba. Nilimwekea akiba. Na kila jioni nilimpimia kijiko kimoja, nikakijaza sawasawa mpaka ukingoni, nikiangalia kwenye mwanga nisimpunje hata tone.

Kuanzia tarehe 25 namba hazijakatwa tena. Tano, tano, tano, mpaka chini.

Sasa naikumbuka ile sentensi ya tarehe 29. "Asubuhi nilimwuliza namba, naye" — naye akasema alichokuwa akisema kila asubuhi wiki ile. "Andika unachoona wewe, Mwalimu." Miaka arobaini na minne hakuwahi kuniita Mwalimu ila kwa utani. Nilidhani ni utani.

Kila aliyepita mikononi mwangu alikuwa na mtu wa kumwongezea tatu. Yeye hakuwa naye.

Nimeirudisha fomu kwenye bahasha. Nimekula. Kibakuli cha Jumatano.

Alhamisi, 20 Machi

Hakuna cha kuandika na ninaandika.

Nilishuka mpaka kwa Dereva. Nilimuuliza: siku ile uliponikuta kwenye ngazi, nilikuwa vipi? Alidhani namtania. Akasema, Mwalimu, hukumbuki? Ulikuwa umeuma kola ya shati. Nilikuvuta shati mdomoni mwenyewe, ulikuwa hutaki kuliachia. Umelowa jasho kama umetolewa mtoni. Nikakuuliza unaumia? Ukanijibu: kiasi.

Nikamwambia ahsante. Akaniuliza kama naendelea vizuri. Nikamwambia kiasi, kabla sijajisikia nimesema nini.

Shati nimelitafuta kwenye kapu la nguo chafu. Kola ina matundu mawili. Nililiosha kwa mkono, nikalianika juu ya kiti chake, dirishani, kisha nikaliondoa hapo nikalianika bafuni.

Ijumaa, 21 Machi

Saa tatu na robo asubuhi. Binti atafika saa nne kunipeleka kliniki. Anadhani tunakwenda kutia saini tu, basi; nilimpigia simu jana nikamweleza kuhusu tamko, akapumua, akasema, Baba, ni sentensi moja tu. Sikumweleza jingine.

Nimeweka mezani karatasi mbili. Kushoto tamko, halina saini. Kulia fomu ya mama yake, nje ya bahasha.

Nimejaribu kulifikiria jambo hili kwa utaratibu.

Nikitia saini, nimekiri kwamba kipimo sikukielewa. Na kama sikukielewa mwezi Machi, sikukielewa mwezi Juni. Siwezi kuandika kosa hilo kwa goti langu nikalificha kwa maumivu ya mke wangu. Binti atajua. Kazi yake ni kuona.

Nisipotia saini, nimesema kwamba kipimo nilikielewa. Basi zile siku kumi na tatu nilijua nilichokuwa nikikifanya.

Hakuna njia ya tatu. Nimeitafuta tangu alfajiri, kama mtu anayepekua mifuko ya koti moja.

Nikitia saini na wakanichukua, nitabaki hapa, na sumaku gotini nusu saa asubuhi, nusu saa jioni, nikikitazama kiti kile. Nisipotia saini nitakwenda kwenye chumba cha rangi ya maziwa, na kiti kitabaki kwa wapangaji wengine, maana mlangoni kwa binti hakipiti. Nilikipima mwezi uliopita. Kinazidi kwa upana wa vidole vitatu.

Tena kuna fomu mpya, ile ya kurudia. Mkato alinipa kabisa, tupu, kwa imani. Boksi la kwanza ni la leo. Asubuhi nilipoinuka kitandani goti lilinisimamisha nikashika ukuta. Nilijiuliza ngapi. Neno lililokuja lenyewe, kabla sijalipima, lilikuwa nane. Kalamu ilikuwa mkononi. Sikuandika. Nina haki gani ya kujiandikia nane, mimi niliyeikata yake kwa rula?

Nilishuka kumwachia binti wazi mlango mkubwa wa chini, ambao kitasa chake kimeharibika. Ngazi hamsini na nne, kisha hamsini na nne. Nilipanda nikiwa nimefunga mdomo na nikajisikia nimeuma kitu. Safari hii ulikuwa mkono wangu.

Saa nne kasorobo. Amewahi. Namsikia chini akizungumza na Dereva. Dereva anacheka, kisha hacheki, kisha anasema jambo kwa sauti ndogo, refu.

Sasa binti anapanda. Viatu vyake vina kisigino kigumu, ninaweza kumhesabu. Kumi na mbili. Ishirini. Kwenye ya thelathini na moja amesimama.

Ameanza tena, polepole.

Karatasi sijaziondoa. Mkono wangu ulikwenda kwenye ile ya kulia, ukairudisha mahali pake. Hamsini na nne. Anagonga kwa kucha, kama mama yake.

Lazima nifungue. Sijaamua, daftari. Nikishaamua nitarudi kukuandikia ni ipi, na ile namba nitakayoiandika, nitaiandika mara moja. Sitaikata.